Al-Jazari: Fundi aliyekataa kufa na ufundi wake

Mesaimeer ni mtaa ulio kusini mwa jiji la Doha, jirani na Eneo la Viwanda ambako wafanyakazi wengi wa kigeni, wakiwemo wa kutoka Afrika Mashariki, huishi na kufanya kazi. Katika miezi ya kiangazi joto la hapo hupita nyuzi 40, na mtu anayetaka kufungua injini ya gari lake nyumbani hulazimika kusubiri usiku uingie.

Chukulia kwamba mtu huyo ni dereva aliyetoka Tanga au Mombasa. Hajapata kuifanya kazi hiyo maishani mwake. Ameambiwa kuwa kamshafti ya gari imelika, na bei ya gereji ni sawa na fedha anazotakiwa kutuma nyumbani mwezi huo. Ametandika turubai, amewasha taa, na kando yake amekiweka kitabu cha maelekezo cha gari lile.

Anapoinua kava ya tapeti anakutana na mhimili wa chuma wenye nundu zinazofanana na mayai yaliyochomekwa kwenye mti. Kila nundu ina zamu yake. Mhimili unapozunguka, nundu huisukuma valvu ikafunguka, hewa ikaingia au moshi ukatoka. Nundu ikishapita, springi huirudisha valvu mahali pake. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Utaratibu huo ukivurugika kidogo tu, gari haliwaki.

Zaidi ya miaka 800 iliyopita, fundi mmoja katika mji wa Amid, ambao leo huitwa Diyarbakir na uko kusini mashariki mwa Uturuki, alieleza kwa maandishi na kwa michoro namna ya kutengeneza mhimili wenye nundu za kuamuru vitu vingine kwa zamu. Mhimili wa fundi huyo ulikuwa wa kupiga ngoma.

Jina lake kamili ni Badi al-Zaman Abu al-Izz Ismail ibn al-Razzaz al-Jazari.

Mwana wa mwuza mchele

Karibu yote yanayojulikana juu ya maisha ya al-Jazari yametoka katika kurasa chache za utangulizi wa kitabu chake. Mwaka 1136, unaotajwa mara nyingi kuwa ndio aliozaliwa, hauna hati inayouthibitisha.

Majina yake, hata hivyo, yanasema kitu. Al-Razzaz ni mwuza mchele, na al-Jazari ni mtu wa al-Jazira, nchi iliyo kati ya mito Tigris na Euphrates katika sehemu yake ya kaskazini. Badi al-Zaman, yaani ajabu ya zama, ni lakabu ambayo bila shaka alipewa baada ya watu kuziona kazi zake.

Mwaka 570 wa Hijria, unaoangukia 1174 na 1175 Miladia, aliingia katika utumishi wa watawala wa ukoo wa Artuk, Waturuki waliokuwa na makao yao katika ngome ya Hisn Kayfa, kando ya Tigris. Alimtumikia kwanza Nur al-Din Muhammad, kisha mwanawe Qutb al-Din Sukman, kisha mwana mwingine, Nasir al-Din Mahmud, aliyetawala kuanzia mwaka 1201.

Zama zile hazikuwa za utulivu. Mwaka 1183 Salah al-Din al-Ayyubi, ambaye miaka minne baadaye aliutwaa mji wa Jerusalem, aliizingira Amid na kuiteka, kisha akamkabidhi Nur al-Din Muhammad. Watawala wadogo wa eneo hilo waliishi kwa kuegemea wakubwa, na fundi wa kasri naye aliishi kwa kuwaegemea watawala hao wadogo. Al-Jazari alidumu kazini chini ya mabwana watatu wa nyumba moja, jambo ambalo si dogo katika mahakama ya mfalme yeyote.

Al-Jazari anasimulia kwamba siku moja Nasir al-Din Mahmud alimwambia kuwa vitu alivyovitengeneza havina mfano, na kwamba ingekuwa hasara vikapotea pamoja naye. Akamtaka aandike. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwatumikia watu wa nyumba hiyo kwa miaka 25.

Saa sita mchana

Kitabu kilichotokana na amri hiyo kinaeleza vitu 50, vilivyogawanywa katika mafungu sita: saa za maji na za mishumaa, vyombo vya vinywaji, mabirika na mabeseni ya kunawia na ya kupimia damu katika kuumika, chemchemi na filimbi zinazojiliza zenyewe, mashine za kuinua maji, na mchanganyiko wa vitu vingine, kikiwemo kitasa cha herufi na mlango wa shaba wa kasri la Amid.

Kitu cha kwanza kabisa katika kitabu ni saa kubwa yenye umbo la lango la ngome, iliyosimama kwa kimo cha zaidi ya mita tatu. Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa ambayo wasomaji wa Ulaya hawana. Saa hiyo ilihesabu muda kuanzia jua linapochomoza, kama Waswahili wanavyohesabu hadi leo. Saa ya sita ilikuwa adhuhuri, na saa ya kumi na mbili ilikuwa jua kutua.

Ugumu ni kwamba Amid iko mbali na ikweta. Mchana wa kiangazi huko ni mrefu na wa majira ya baridi ni mfupi, na ilhali mchana ulipaswa kugawanywa katika saa 12 siku zote, urefu wa kila saa ulibadilika kadiri mwaka ulivyosonga. Zanzibar au Kampala tatizo hilo halipo, kwani mchana haubadiliki kiasi cha kumsumbua mtu. Al-Jazari alilazimika kutengeneza kidhibiti cha maji chenye duara la nyota 12 za falaki, ambacho mtunzaji wa saa alikisogeza siku hadi siku ili maji yatiririke kwa kasi au kwa polepole.

Hakukipata kidhibiti hicho kwa kubahatisha. Alijaribu kwanza miundo ya waliomtangulia, akapima, akaona kuwa inakosea, na akaeleza inakosea wapi. Ndipo akaanza upya, akirekebisha tundu la maji kidogo kidogo hadi vipimo vikakubaliana.

Kila saa mlango mmoja wa lango lile ulifunguka na sanamu ya mtu ikatokeza, huku kozi wawili wa shaba wakidondosha vitufe. Ilipofika saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili, wapiga muziki walianza kazi. Maji yaliyoachiliwa kwa ghafla yaliangukia gurudumu, gurudumu likauzungusha mhimili, na nundu za mhimili ule zikabonyeza ncha za vijiti vilivyounganishwa na mikono ya wapiga ngoma. Maji hayo hayo yaliishia katika chumba kilichofungwa, yakaisukuma hewa itoke kupitia firimbi, na watu wakadhani tarumbeta zinapulizwa.

Muundo kama huo aliutumia tena katika mashua yenye wanamuziki wanne wa bandia, iliyoelea juu ya bwawa la kasri wakati wa karamu. Mtaalamu wa roboti wa Chuo Kikuu cha Sheffield nchini Uingereza, Noel Sharkey, amejenga mfano wa mashine hiyo na kuonyesha kuwa vijiti vya mhimili vikihamishwa, mdundo wa ngoma hubadilika. Kama al-Jazari mwenyewe alivihamisha ni suala jingine.

Si wa kwanza

Siku hizi jina la al-Jazari hutajwa katika maonyesho na vipindi vya televisheni kama mvumbuzi wa kamshafti, wa krankshafti, wa roboti na wa mambo mengine mengi. Sifa hizo zimepita kiasi, na pengine yeye mwenyewe angezikataa.

Nundu juu ya mhimili zilijulikana kabla yake. Wachina walizitumia kuinua nyundo za kutwangia tangu enzi ya ukoo wa Han, na Heron wa Alexandria, katika karne ya kwanza, alizieleza katika vifaa vyake. Baghdad ilikuwa na ndugu watatu, wana wa Musa, walioandika kitabu cha vifaa vya ajabu katika karne ya tisa. Al-Jazari aliwajua wana wa Musa na aliwataja. Aliisoma pia risala ya saa ya maji iliyonasibishwa kwa Archimedes.

Wala hakuwasifu tu wakubwa hao. Juu ya chemchemi za wana wa Musa zinazobadilisha umbo la maji, alisema kuwa muda wa kubadilika ni mfupi mno hata mtazamaji hawezi kuona tofauti, naye akatengeneza za kwake kwa njia nyingine. Filimbi ya kudumu ya mnajimu wa Baghdad, Hibat Allah, aliichunguza na akaikuta na kasoro.

Saa yake ya tembo, iliyo maarufu kuliko zote, inaonyesha wazi namna alivyoikubali elimu kutoka kokote. Tembo ni wa Kihindi, nyoka ni joka za Kichina, na maji yaliyo tumboni mwa tembo yanafuata hesabu zilizoanzia kwa Wagiriki. Ndani ya tumbo hilo bakuli lenye tundu huzama polepole, na kila nusu saa likishazama huvuta kamba, kitufe kikadondoka, ndege akazunguka na mwendesha tembo akapiga. Mfano mkubwa wa saa hiyo umejengwa Dubai, ndani ya jengo la maduka lenye jina la Ibn Battuta, msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331.

Upekee wake uko katika maelezo. Waandishi wengi wa vifaa vya ajabu waliandika ili wasomaji washangae. Al-Jazari aliandika ili msomaji aweze kutengeneza.

Msasa na valvu

Hapo ndipo mtu wa Mesaimeer na fundi wa Amid wanapokutana kwa karibu zaidi.

Al-Jazari anaeleza namna ya kubandika mbao kwa tabaka ili zisipinde, namna ya kusawazisha gurudumu kabla ya kulifunga, namna ya kukata karatasi ya kielelezo kabla ya kukata shaba, na namna ya kumimina madini katika kasha la mchanga mbichi. Koki na valvu zenye umbo la koni anaagiza zisagwe ndani ya makazi yake kwa unga wa msasa hadi zisivujishe tone. Fundi yeyote wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Grogan jijini Nairobi aliyepata kusaga valvu za hedi ya injini anaijua kazi hiyo mkononi mwake, ingawa labda hajawahi kulisikia jina la aliyeiandika.

Michoro ya al-Jazari haifuati vipimo kamili, na kila sehemu imetiwa herufi. Herufi hiyo hiyo hurudi katika maelezo, ili msomaji asichanganye kipande hiki na kile. Kwenye injini ya leo vifuniko vya bearing za kamshafti vina namba na mshale kwa sababu iyo hiyo. Anayeanza kazi huonywa avilegeze kidogo kidogo kwa mpangilio uliotajwa kitabuni, maana springi za valvu husukuma kutoka chini, na shafti iliyoachiwa upande mmoja yaweza kukatika.

Huonywa pia aziweke sawa alama za taimingi kabla ya kuufungua mnyororo au mkanda, aipake mafuta shafti mpya, akaze boliti kwa spana ya kupimia mkazo, na akishafunga kila kitu aizungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa ufunguo. Katika injini nyingi, kosa la meno machache tu ya gia hufanya pistoni ikutane na valvu iliyo wazi. Hapo hasara ya shafti moja inakuwa hasara ya injini nzima, na mtu aliyekusudia kuokoa fedha za nyumbani anabaki bila fedha na bila gari.

Al-Jazari alikuwa na kanuni juu ya hilo. Aliona kuwa elimu ya ufundi ambayo haijajaribiwa kwa vitendo inaning'inia kati ya kweli na uongo, wala mtu hapaswi kuitegemea. Kwa hiyo alijenga kwanza, kisha akaandika.

Katika fungu la mashine za kuinua maji imo pampu ya silinda mbili. Gurudumu linalozungushwa na mto huendesha gia, gia huusogeza mkono kushoto na kulia, na mkono huo huisukuma pistoni moja huku ukiivuta nyingine. Valvu huruhusu maji kupita upande mmoja tu. Katika mashine nyingine ya fungu hilo mna mkono wa kukombo ulio jamaa wa krankshafti.

Basi katika kitabu kimoja cha mwanzoni mwa karne ya 13 mlikuwemo pistoni, silinda, valvu, kombo na mhimili wa nundu. Kilichokosekana kilikuwa moto ndani ya silinda. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1860 Étienne Lenoir alipotengeneza injini ya gesi mjini Paris, na 1876 Nikolaus Otto alipoikamilisha injini ya mapigo manne huko Ujerumani.

Mesaimeer yenyewe sasa ina kituo kikubwa cha pampu, ambacho hupeleka maji ya mvua na ya chini ya ardhi baharini kwa njia ya handaki la takriban kilomita 10. Kazi ya kuhamisha maji, ambayo al-Jazari aliipa mashine tano tu kati ya 50, ndiyo iliyodumu kuliko karamu zote.

Fundi na mfalme

Si rahisi kuisoma orodha ya kazi zake bila kuona ni nani aliyezilipia. Vyombo kumi ni vya vinywaji katika karamu za kasri, na vingine kumi ni vya kunawia na kupimia damu. Mfalme Mahmud hakupenda mtumishi wala kijakazi ammiminie maji ya kutawadha, hivyo al-Jazari akamtengenezea sanamu ya kumhudumia. Katika mashine moja ya maji aliweka ng'ombe wa mbao aonekane kana kwamba ndiye anayezungusha, ilhali gurudumu lenyewe lilikuwa limefichwa chini.

Wakulima wa bonde la Tigris walihitaji maji zaidi kuliko mfalme alivyohitaji ng'ombe wa bandia. Lakini fundi asiye na mali hujenga anachoagizwa, na bila hazina ya kasri shaba ile isingepatikana, wala muda wa kujaribu na kukosea, wala karatasi. Kitabu hiki ni deni kwa Mahmud pia.

Hata hivyo mfalme aliagiza kitabu tu. Subira ya kueleza kila tundu, kila kipimo na kila kosa ilikuwa ya al-Jazari. Mafundi wa zama zote wamekuwa na tabia ya kuificha siri ya kazi, kwa kuwa siri ndiyo mkate wao, na kijana wa gereji hukaa miaka akishika taa kabla ya kuonyeshwa jambo. Al-Jazari, mtumishi ambaye thamani yake kwa bwana wake ilitokana na kujua asichokijua mwingine, aliitoa siri yote kwa wino.

Kilichobaki

Nakala ya zamani kuliko zote zinazojulikana imehifadhiwa katika maktaba ya kasri la Topkapi mjini Istanbul. Baadaye nakala nyingine zilitolewa kwa karne kadhaa, na baadhi yake hazikunusurika. Nakala moja ya mwaka 1315 ilichanwa ikauzwa ukurasa mmoja mmoja, na kurasa zake zimetawanyika katika makumbusho mbalimbali, ikiwemo Metropolitan ya New York.

Wajerumani Eilhard Wiedemann na Fritz Hauser waliandika juu ya saa zake mwaka 1915. Tafsiri kamili ya Kiingereza ilitoka 1974, kwa mkono wa Donald Hill, mhandisi Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya mafuta huko Lebanon, Syria na hapo hapo Qatar. Hill hakuwa mwanahistoria wa kuanzia. Alikisoma kitabu kile kama mtu anayejua bomba na valvu. Miaka miwili baadaye, katika Tamasha la Ulimwengu wa Kiislamu la 1976, saa ya lango la ngome ilijengwa upya mjini London kwa kufuata maelezo hayo, na ikafanya kazi. Matini ya Kiarabu ilihaririwa na Ahmad al-Hassan na kuchapishwa Aleppo mwaka 1979.

Katika vifaa 50 alivyoeleza, hakuna hata kimoja cha asili kilichoonekana hadi leo. Msikiti mkuu wa Cizre ulikuwa na vigongeo vya mlango vya shaba vyenye umbo la majoka mawili, ambavyo baadhi ya wataalamu huvihusisha naye kwa kuwa vinafanana na mchoro wa kitabu chake. Kimoja kiliibwa mwaka 1969 na sasa kiko Copenhagen. Cha pili kiko Istanbul. Hisn Kayfa, ambayo leo huitwa Hasankeyf, ilifunikwa kwa sehemu kubwa na maji ya bwawa la Ilisu mwaka 2020.

Mnakili wa nakala ile ya Topkapi alimaliza kazi mwishoni mwa Shaaban mwaka 602 wa Hijria, yaani Aprili 1206. Katika ukurasa wa mwisho anamtaja al-Jazari kama mtu aliyekwisha kufariki.